Mpangaji wa Fundi Pindo

Ukuta unaotenganisha nyumba yangu na ya Fundi Pindo ni mwembamba kiasi kwamba nikikohoa huku, yeye huko huniambia pole. Kwa hiyo siku alipoleta mashine ya kuchapia nyumbani nilijua kabla ya mtaa mzima. Nilisikia boksi likiburuzwa sakafuni, kisha kimya, kisha kitu kikajikuna, kikavuta pumzi, kikagonga gonga na kutulia. Halafu nikamsikia Fundi, ambaye hana mtu mwingine ndani ya nyumba ile, akisema, "Haya, karibu. Jisikie uko kwako."

Anaitwa Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililolegea. Ukimpelekea suruali abadilishe zipu, atabadilisha zipu, halafu atalifumua na pindo alilolishona fundi mwingine na kulishona upya, bila kuombwa, huku akimsema huyo fundi mwingine kana kwamba yupo hapo. Zamani alikuwa na kibanda karibu na kituo cha mabasi. Nguo za dukani zilipozidi watu wakaacha kushonesha, naye akafunga kibanda na kuihamishia cherehani sebuleni. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anavaa sare za shule. Akamlea peke yake, akamsomesha, akamshonea kila alichovaa, na binti alipokua akapata kazi nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake ni kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani.

"Analisha baba za watu," Fundi aliniambia siku moja, "na wa kwake anakula amesimama jikoni."

Alikuwa anatania, nami nilicheka. Kicheko kile kilinikaa vibaya siku nzima.

Sikio lake la kushoto limeanza kugoma, kwa hiyo akiongea na simu huiweka kwa sauti ya juu, na mimi husikia yote hata nisipotaka. Humwita binti yake mama, kwa kuwa alirithi jina la mama yake Fundi. Mazungumzo yao yalikuwa yale yale kila mwisho wa wiki.

"Mzima, mama?"

"Mzima, Baba. Wewe?"

"Chuma. Umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Nimeshiba mpaka najuta."

Upande mmoja wa mazungumzo hayo niliujua kuwa ni uongo, maana tangu asubuhi sikuwa nimesikia sufuria ikiguswa. Upande wa pili sikuwa na ukuta wa kuusikilizia.

Habari ya mashine ilianza na gauni. Binti alipiga simu kusema kuwa kazini kwake watapewa vyeti, kutakuwa na hafla na picha, naye anataka avae gauni aliloshona baba yake. Nguo za dukani hazimkai. Utotoni alianguka kutoka juu ya ukuta, mfupa wa bega la kushoto ukaunga vibaya, na tangu hapo bega hilo liko chini kidogo kuliko la kulia. Ukikutana naye huoni kitu. Fundi peke yake ndiye aliyejua kuushusha mshono wa upande ule kwa upana wa kidole, na gauni likakaa sawa.

Mtindo aliupata kwenye mtandao. Siku hizi, kumbe, unanunua mchoro wa gauni, unatumiwa kwenye simu, unauchapa kwenye karatasi za kawaida, unaziunganisha kwa gundi, na unapata vipande vya kukatia kitambaa kwa ukubwa wake kamili. Mchoro una mistari ya saizi nyingi, na binti alikuwa ameipaka ya kwake rangi nyekundu. "Ni saizi yangu ya siku zote, Baba," alisema. "Usihangaike na vipimo."

Fundi alikwenda kuchapisha kwenye duka la vifaa vya shule. Feni ya dukani ikazipeperusha karatasi, dada wa pale akaziokota ovyo, na Fundi alipofika nyumbani akakuta gauni halina mkono mmoja. Aliporudi dukani, karatasi za mkono zilikuwa zimegeuzwa, zimeandikwa bei kwa kalamu nene na kubandikwa kwenye rafu.

"Mkono wa mwanangu wameuandikia bei ya madaftari!" alinifokea mimi, kana kwamba duka ni la kwangu. Zile nyingine zote alikuwa amezibwaga juu ya kaunta yao kwa hasira. "Nanunua yangu. Twende, Mwalimu, wewe ni msomi."

Usomi wangu ni wa chaki na darasa la nne, lakini nilikwenda. Msichana wa duka la mashine alituonyesha ndogo, nyepesi, bei poa, yenye visanduku vidogo vya wino vya kubadilisha. Kisha akatuonyesha kubwa kidogo, yenye matangi ubavuni ambayo unayajaza mwenyewe kwa chupa. Fundi aliiinua ile ndogo, akaitikisa, akairudisha.

"Rahisi ghali," alisema. "Hii watakuuzia kikombe cha chai halafu sukari wakuuzie kwa punje."

Kwenye ile kubwa alivuta trei ya karatasi, akapitisha kidole ukingoni kama anavyopitisha kwenye mshono. Akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza.

"Ikikaa bila kazi je?"

"Hapo ndipo penye tabu, mzee," alisema muuzaji. "Za wino wa maji zote ziko hivyo. Ukiiacha muda mrefu, wino unakauka kichwani, inaziba. Angalau kila wiki ichape kitu, tena chenye rangi zote."

"Kumbe inataka mtu wa kuisemesha."

Yule msichana alicheka. Mimi sikucheka, maana namjua jirani yangu. Tuliondoka na ile ya matangi, akaiweka kwenye chumba cha binti, juu ya meza aliyokuwa akisomea. Baada ya siku chache akawa anaiita Mpangaji. "Amehamia chumba cha mwenyewe hayupo," alinieleza, "anakunywa wino, anaamka anapotaka, anakoroma, na kodi halipi. Lakini ni mtu wa watu."

Alichapa mchoro wa gauni kwa simu, akazitandaza karatasi sebuleni kote, akazibandika moja moja akiwa amepiga magoti. Mimi nilipita pembeni pembeni ya ukuta kupeleka chumvi aliyoniomba. Kisha akachukua tepu yake ya kupimia na kuanza kupima. Akapima kiuno. Akapima tena. Akapima kifua, akakaa kitako.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtoto amekonda."

"Umejuaje?"

"Karatasi inasema. Mimi vipimo vyake siandiki, viko hapa." Aligonga kichwa. "Saizi yake ya siku zote haikuwa hii. Kote pamepungua."

"Labda ndio mtindo wenyewe."

"Urefu ndio mtindo, siuhesabu. Kiuno si mtindo."

Akampigia palepale. Simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Mama, umekonda?"

"Nani kakwambia?" Halafu binti akacheka. "Mimi tena, Baba? Huku tunakula mpaka viatu vinabana."

Naye Fundi akacheka, wakaagana vizuri. Alipoiweka simu chini hakuwa na kicheko tena. "Umesikia? Kauliza nani kakwambia. Hakusema sijakonda." Nikamwambia aache uwakili, mtoto mkubwa yule, ana kazi yake na akili yake. Nilisema kwa ukali kwa sababu na mimi nilikuwa nimelisikia jambo hilo hilo.

Basi hakukata. Kitambaa cha bluu, ile bluu iliyokoza, kilikaa kimekunjwa kando ya cherehani, na siku zikaenda. Niliielewa shida yake bila kuambiwa. Akikata kwa karatasi, atakuwa amekubali kwa mkono wake kuwa mwanawe amekwisha. Akikata kwa kichwa chake, na ikiwa mtoto amekonda kweli, gauni litamning'inia siku ile moja aliyoisubiri. Na nyuma ya gauni kulikuwa na lile kubwa zaidi: kwamba labda anaumwa, yuko mbali, hana wa kumshika mkono, na anaficha. Mara moja nilimsikia akianza kusema peke yake, "Mficha maradhi…" na hakuimalizia methali.

Wakati huo huo Mpangaji alitaka kazi yake ya kila wiki, na Fundi hana cha kuchapa. Mara ya kwanza alichapa mistari ya rangi. Mara ya pili alimchapia msusi wa ng'ambo ya barabara tangazo la TUNASUKA kwa rangi nne, ingawa msusi hakuwa ameomba na wateja wanamjaa. Mwenye duka la soda akapata la FUNGA FRIJI TAFADHALI, likiwa na maua. Kisha akaanza kugonga kwangu.

"Mwalimu, huna cha kuchapa? Ataziba."

"Sina, Fundi."

"Hata kitu kidogo? Bure kabisa."

Alisimama mlangoni na kofia mkononi, amevaa shati lililopigwa pasi kwa safari ya hatua chache. Hapo nikaona anayeziba ni nani. Nikaona haya, nikamwambia angoje, nikamtumia zoezi la hesabu la darasa langu: pima mistari ifuatayo, kisha andika urefu wake kwa sentimita. Alifurahi utadhani nimempa kazi ya serikali. Alizileta nakala zikiwa zimepangwa, kingo zimelingana, na mistari ameipaka kila mmoja rangi yake.

Darasa langu halijawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata tarehe ya leo. Siku hiyo, kwenye zoezi la kupima, darasa zima lilikosa, na lilikosa kwa majibu yale yale. Mstari wa sentimita kumi wote waliandika tisa na ushee. Nilijua wamenakiliana, nikapandwa na hasira, nikachukua rula ili niwaaibishe mbele ya ubao. Nikapima. Watoto walikuwa sahihi.

Jioni sikuvua hata viatu. "Fundi!" nilianza nikiwa bado nje. "Mpangaji wako ni mwizi! Kaniibia sentimita darasa zima!"

Aliichukua rula mkononi mwangu, akapima mstari mmoja, akapima wa pili. Kisha akageuka, akautazama mchoro wa gauni uliokuwa umening'inia ukutani, na rula ikabaki hewani. Nilimwona akifikiri. Tuliishusha karatasi ya kwanza. Pembeni kulikuwa na kisanduku chenye maandishi madogo ya kigeni ambacho yeye alidhani ni urembo. Nikamsomea: pima kisanduku hiki kabla hujakata kitambaa. Tukakipima. Kilikuwa kimepungua, kama mistari yangu.

Tulihangaika na simu yake mpaka tukaipata dawa. Kulikuwa na alama ya vema mahali panaposema kila ukurasa upunguzwe ili uenee kwenye karatasi. Muda wote Mpangaji alikuwa akipunguza, na hakumwambia mtu. Tukaiondoa ile alama, tukachapa upya, tukaunganisha sote wawili kwa magoti. Fundi akapima kiuno, na kiuno kilikuwa kile kile kilichoondoka na binti.

"Hata urefu ulipungua," alisema akijipiga paji la uso. "Mimi na ujuzi wangu nikasema urefu ni mtindo!" Akacheka akiwa amekaa sakafuni, akajifuta macho kwa ncha ya tepu. Akampigia.

"Mama, nisamehe. Mashine ndiyo iliyokukondesha! Ilikuwa inapunguza karatasi!"

Binti alicheka sana, akamwambia mashine za siku hizi nazo zina mambo. Akasema zamu yake inaanza, akakata.

Kwa siku kadhaa nililala na kuamka na cherehani. Bega la kushoto alilishusha kwa upana wa kidole, na pindo alilishona kwa mkono, mbele ya dirisha, uzi usionekane. Zile karatasi ndogo za mwanzo alizikunja na kuziweka juu ya kabati, kwa kuwa fundi hatupi karatasi. Kifurushi tulikipeleka pamoja. Aliporudi nyumbani alimchapisha Mpangaji mistari yake ya rangi, akala amesimama, nikasikia taa ikizimwa mapema.

Picha ilifika siku ya hafla yenyewe. Aligonga ukuta, nikaenda. Binti alikuwa amesimama na cheti chake, anatabasamu, gauni la bluu linameta.

"Amependeza, Fundi! Hongera."

Alisema simu ni ndogo kwa macho yake, akaingia chumba cha binti na kuituma picha kwa Mpangaji. Ikatoka polepole, ikianzia juu: nywele, paji la uso, tabasamu, mabega. Ilipofika mabegani Fundi aliinama, na karatasi ilipokwisha kutoka aliipeleka dirishani.

"Angalia hapa." Kidole kilikuwa juu ya bega la kulia. "Mshono umeanguka. Hili sikulishusha." Kikahamia kwenye mkono, uliobanwa ubavuni. "Anazuia kitambaa kisicheze." Kikafika kiunoni, kwenye mkunjo mmoja uliovutwa kwenda nyuma. "Na hapa nyuma kuna pini."

Mimi niliona msichana mzuri ndani ya gauni zuri. Yeye alikuwa anasoma. "Labda ni mashine tena," nilisema, na nilitamani sana iwe hivyo.

"Sasa haipunguzi, Mwalimu."

Lakini alikwenda akachapa kile kisanduku, akakipima. Kilikuwa sawasawa. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha binti, akapiga simu. Nilitaka kuondoka, akanionyesha kwa mkono nibaki.

"Picha nimeiona, mama."

"Umeipenda, Baba?"

"Pindo limekaa vizuri."

Nilisikia kule upande wa pili mlango ukifungwa, na mtu akivuta pumzi karibu sana na simu.

"Baba, zile karatasi ndogo ulizitupa?"

"Hapana. Zipo juu ya kabati."

"Basi lingine shona kwa hizo."

Fundi alifumba macho. Binti akaanza kulia kimya kimya, kilio cha mtu aliyezoea kulia bila kusikika. "Nilidhani mpaka lifike nitakuwa nimerudia saizi yangu. Chakula hakipiti, Baba. Kutwa nalisha watu, nikirudi chumbani nakaa tu."

"Unaumwa? Niambie ukweli."

"Siumwi. Nimekwenda hospitali, wamepima, siumwi. Niko peke yangu tu."

Nilitegemea atamwambia yale ambayo wazazi husema: jikaze, mshukuru Mungu, kula matunda. Alikaa na simu ile mapajani, akiitazama picha.

"Na mimi nakudanganya," alisema mwishoni. "Nakula nimesimama. Siku nyingine sili."

"Najua, Baba. Huwa sisikii hata kijiko."

"Hapo ulipo kuna chakula?"

"Kipo cha jana."

"Kapashe. Na mimi napasha changu. Usikate simu."

Niliondoka bila kuaga na kuufunga mlango taratibu. Kwangu nilikaa karibu na ukuta, nikiwa na madaftari ya watoto ambayo sikuyafungua. Nikasikia kiberiti, kisha sufuria, kisha sahani ikiwekwa mezani. Nikasikia kiti kikivutwa, na Fundi akikaa.